Kabla ya Kusema Gesi Imeisha

Kusini mwa Tanzania ni nchi ya gesi. Ya Songo Songo, wilayani Kilwa, iligunduliwa mwaka 1974. Ya Mnazi Bay, upande wa Mtwara, iligunduliwa 1982, na ndiyo iliyokuja kuwasha taa za Mtwara na Lindi wakati gridi ya taifa ikiwa bado mbali. Likong'o, jirani na mji wa Lindi, kumetengwa eneo la kiwanda cha kusindika gesi ya baharini. Sasa shuka kwa barabara ya Lindi–Mtwara, ingia Sudi, keti siku mbili tatu kwenye vibaraza vinavyotazama mikoko, na kwa wenye friji utasikia neno moja: gesi imeisha.

Nililisikia nikiwa jikoni kwa mama mmoja, jamaa yangu, muuza maji ya kandoro na barafu za ubuyu. Fundi aliinama nyuma ya friji, akagusa bomba, akainuka.

"Mama, gesi imekwisha."

"Mwanangu, gesi ipi? Uliyoitia Februari au ile ya Ramadhani?"

Fundi alicheka, akatazama chini. Swali lilikuwa la haki, na makala haya ni jaribio la kulijibu.

Gesi ya friji haitumiki kama mkaa. Inazunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa pande zote: kompresa huisukuma, inatema joto kwenye wavu wa nyuma, inapita bomba jembamba la kapilari, inanyonya joto la ndani, inarudi ilikotoka. Friji iliyoundwa vizuri huzeeka na kufa na gesi yake ileile ya kiwandani. Ikipungua, pana tundu, na tundu halizibwi kwa kuongeza. Kwa hiyo "gesi imeisha" ni nusu ya sentensi. Nusu ya pili, imetokea wapi, ndiyo kazi ya fundi, na ndiyo isiyosemwa.

Sikatai kwamba gesi huvuja. Hewa ya pwani inakula mabati, sembuse bomba jembamba. Ila yupo mshukiwa mwingine, mdogo kama punje ya kunde, ambaye dalili zake hufanana na za gesi na ambaye kumhoji hakugharimu chochote zaidi ya kikombe cha barafu na mita. Huyo ni sensa ya joto.

Kwa Mtanzania neno sensa humleta karani wa Agosti 2022 na kishikwambi chake, na maana haiko mbali. Sensa ya friji nayo ni karani. Haipozi wala haipashi kitu, inahesabu tu na kupeleka taarifa. Anayeamua kompresa iwake au izime ni swichi au bodi, nayo haina njia ya kwenda kuhakikisha. Karani akikosea hesabu, friji nzima inapangiwa mambo kwa takwimu za uongo, na mgonjwa anayeonekana ni kompresa, au gesi, au "umeme wa siku hizi".

Makarani hao wako wa aina mbili, na lazima ujue wa kwako ni yupi kabla ya kugusa chochote.

Wa kwanza ni wa zamani, na ndiye aliyejaa kwenye friji za mlango mmoja na friza za kulala: themostati ya kitasa. Nyuma ya kitasa kile chenye namba kuna mrija mwembamba sana wa shaba, mrefu kama mkono, ambao ncha yake imebanwa kwenye ukuta wa sehemu inayoganda. Ndani ya mrija mna gesi kidogo yake yenyewe. Ukuta ukipata joto gesi hiyo hutanuka, inasukuma kifuko kilichokunjwa kama kinanda cha mkono, swichi inajifunga na kompresa inawaka. Ukuta ukipoa, gesi inasinyaa na swichi inaachia. Mrija ukikunjwa vibaya au ukiliwa na kutu, gesi ile inatoka, kifuko kinalala moja kwa moja, na kompresa haiwaki tena. Hapo ndipo gesi imeisha kweli! Lakini si ile ya mtungi, na hata uongeze chupa nzima kwenye mabomba, kompresa itabaki kimya.

Kuihoji themostati ya namna hii ni kazi ya dakika tano. Chomoa plagi. Tafuta nyaya mbili zinazoingia na kutoka kwenye swichi (nyingine zina waya wa tatu au wa nne, wa taa na wa ardhi), ziunganishe pamoja, zifunge vizuri kwa tepu, kisha rudisha plagi. Kompresa ikiwaka, themostati ndiyo yenye kesi. Isipowaka, sogea mbele kwenye rilei, kinga ya joto na kompresa yenyewe. Huo ni umeme wa volti 230, kwa hiyo asiyezoea nyaya amwachie anayezijua. Na kabla hujafika huko, angalia ncha ya mrija. Nimewahi kuona friza iliyoganda hadi mlango haufunguki kwa sababu tu ncha ilichomoka kwenye kishikizo wakati wa kukwangua barafu kwa kisu, ikawa inapima hewa ya jikoni badala ya ukuta wa friza.

Kinachonikera ni kinachofuata baada ya kipimo hicho. Themostati mpya haipo kijijini, mwenye friji ana haraka, samaki wako ndani, basi fundi anaacha nyaya zile zimeunganishwa. "Nimekuungia dairekti, mama. Ikizidi kuganda, zima kwenye soketi." Kuanzia siku hiyo sensa ya friji ni mama mwenyewe, na yeye hulala, huenda msibani, husahau. Tufanye hesabu. Kompresa ya friji ya nyumbani yenye kula wati 100, ikikimbia saa 24, inamaliza uniti 2.4 kwa siku, yaani 72 kwa mwezi. Kwa bei zilizopangwa na EWURA mwaka 2016, mteja mdogo wa kundi la D1 alilipia uniti 75 za kwanza za mwezi kwa shilingi 100 kila moja kabla ya kodi na tozo, na kila iliyozidi kwa shilingi 350. Kwa bei hizo, friji iliyoungwa dairekti inamwachia mteja huyo uniti tatu za taa, simu, redio na feni kwa mwezi mzima. Zinazobaki zote anazinunua kwa bei ya mara tatu na nusu. Themostati aliyoikwepa anailipa LUKU kila mwezi, na mwisho wa mwaka bado hana themostati.

Karani wa pili ni wa friji za kisasa, za milango miwili, zisizotaka kukwanguliwa barafu. Mafundi wa vitabu humwita thamista. Ni punje ndogo ndani ya kifuniko cha plastiki, ina nyaya mbili, na inabadili ukinzani wake, yaani ugumu wa kupitisha umeme, kufuatana na joto. Nyingi za friji hufanya kazi kinyume cha matarajio: baridi ikizidi ukinzani unapanda, joto likizidi unashuka. Aina mbili zilizo za kawaida ni ya kiloomu 10 na ya kiloomu 5, vipimo vinavyosomwa kwenye nyuzi 25. Ya kiloomu 10, kwenye nyuzi 30 za chumba cha Sudi, husoma karibu 8; kwenye nyuzi 5 karibu 26; kwenye barafu inayoyeyuka, yaani nyuzi 0, hufika 30 na zaidi kidogo; na kwenye friza ya nyuzi 18 chini ya sifuri hukaribia 90. Friji moja inaweza kuwa na tatu: moja ya sehemu ya chakula, moja ya friza, na moja iliyobanwa kwenye mabomba ya kugandisha ili kuiambia bodi lini hita ya kuyeyushia barafu izimwe.

Kinyume hicho ndicho kinachowapoteza wengi. Waya wa sensa ukikatika, ukinzani unakuwa hauna mwisho, na kwa bodi hiyo ni habari ya baridi isiyopata kutokea duniani. Bodi ya kizamani inazima kompresa na kusubiri; friji inachemka, kompresa iko kimya, na fundi mwenye haraka anatangaza kompresa imekufa. Nyaya zikigusana, bodi inaambiwa ndani ni tanuri, inaikimbiza kompresa usiku kucha, na asubuhi nyanya ni mawe. Bodi za kisasa zina ujanja kidogo. Zikipata taarifa isiyowezekana kabisa huachana na sensa, huiendesha kompresa kwa kufuata saa, na kuonyesha alama. Kwenye friji nyingi za LG, kwa mfano, Er FS ni sensa ya friza, Er rS ya sehemu ya chakula, Er dS ya kuyeyushia barafu.

Lakini bodi inamkamata mwongo mkubwa tu. Mwongo wa wastani inamwamini, na pwani yetu inazalisha wa wastani. Unyevu wenye chumvi unaingia kwenye konekta, shaba inaota ukoko wa kijani, na ukoko huo unaongeza ukinzani wake juu ya ule wa sensa. Chukua thamista ya kiloomu 10 na uiongezee kiloomu 5 za ukoko. Bodi inayotaka nyuzi 5 itaona kipimo chake kimetimia wakati ndani bado ni nyuzi 9 na ushei. Inazima kompresa kwa amani. Hakuna alama wala mlio wowote. Maziwa yanachacha siku ya pili badala ya ya tano, na kibua kilichonunuliwa asubuhi kina shaka jioni.

Hapo kwenye kibua niruhusiwe kusimama, kwa sababu Sudi ni kijiji cha samaki. Vibua, jodari na jamii yao wanapokosa baridi ya kutosha, bakteria hugeuza nyama yao na kuijaza histamini. Mlaji huwashwa, uso unakuwa mwekundu, kichwa kinagonga, anatapika, na wenyeji husema amerogwa au samaki alikuwa na sumu. Histamini haifi kwa kupikwa. Mchuzi wa nazi uliochemka vizuri hautamsaidia mtu ambaye samaki wake alilala siku mbili kwenye friji inayodhani nyuzi 9 ni 5. Wazee waliokausha ng'onda kwa jua na chumvi hawakuwa na tatizo hilo kwa kiasi hiki, kwani hawakumwamini mtu kuwapimia baridi.

Uongo wa upande wa pili huanza pale unyevu unapopenya ndani ya kifuniko cha punje yenyewe na kuufungulia umeme njia ya pembeni. Sasa ukinzani unashuka badala ya kupanda. Njia ya pembeni ya kiloomu 100, ambayo kwa macho si chochote, inatosha kuifanya sehemu ya chakula ishuke chini ya sifuri kidogo huku bodi ikiamini ni nyuzi 5. Kwenye sensa ya friza madhara ni makubwa zaidi: kwa kuwa huko thamista yenyewe inapaswa kufika karibu kiloomu 90, na njia ya pembeni haiiruhusu kufika, kompresa haitapata amri ya kuzima kamwe. Ndiyo maana hitilafu ileile huonekana kama kichaa kwenye friza na kama homa ndogo kwenye friji.

Nyumba yenye mgonjwa wa kisukari iupe uongo huu wa pili uzito mara mbili. Insulini ambayo haijafunguliwa hutunzwa kati ya nyuzi 2 na 8, na ikiganda huharibika hata kama baada ya kuyeyuka inaonekana safi. Watu huogopa friji isiyopoza na kuisifu inayogandisha. Kwa insulini, inayogandisha ndiyo adui.

Sasa vipimo. Naanza na kile ambacho hakuna fundi aliyewahi kunitajia, nacho kiko ukutani kwa kila mtu: mita ya LUKU. Usiku, saa nne, zima kila kitu isipokuwa friji. Andika uniti zilizobaki na nukta zake. Saa kumi na mbili asubuhi soma tena kabla ya kuwasha chochote. Kompresa ya wati 100 isiyopumzika itakuwa imekula uniti 0.8 katika saa hizo nane. Inayopumzika inavyotakiwa itakula karibu nusu ya hapo au pungufu. Na hapa ndipo penye siri. Friji ambayo gesi yake imepungua kweli haifikii baridi, kwa hiyo kompresa haipumziki na LUKU inaliwa. Friji ambayo sensa yake inadai kuna baridi isiyokuwapo inapumzika kupita kiasi, na LUKU inakaa. Chakula kinaharibika na umeme hauendi: hiyo si gesi. Kompresa haikuamriwa kufanya kazi.

Mkono nao una ushahidi wake. Gesi ikiwa pungufu, wavu wa nyuma unakuwa vuguvugu tu hata kompresa ikikimbia saa nzima, na barafu huota pale gesi inapoingilia na kuishia hapo. Gesi ikiwa kamili, kompresa inapowaka wavu unapata joto la kueleweka na barafu inaenea sawasawa. Ukiona mafuta yamelowesha kiungo cha bomba, hapo kuna tundu, na mazungumzo ya sensa yasubiri.

Halafu chukua shahidi wa pili: kipimajoto kwenye glasi ya maji, katikati ya rafu, usiku kucha. Kile cha homa hakifai, vingi vinaanzia nyuzi 32. Kinatakiwa cha friji. Wahudumu wa chanjo wamelijua hili siku nyingi. Kwenye zahanati joto la jokofu la chanjo huandikwa kwenye chati mara mbili kwa siku, na ndani huwekwa kifaa cha pembeni kinachotunza kumbukumbu za siku 30, kwa sababu baadhi ya chanjo, ikiwamo ya homa ya ini aina ya B, huharibika zikiganda. Hawaliachii jokofu lijitolee ushahidi lenyewe. Sijui kwa nini majumbani tunaliachia.

Shahidi wa pili akikataa kukubaliana na sensa, ndipo mita inatolewa. Chomoa plagi, ifungue konekta ya sensa, weka mita kwenye omu na usome kwenye joto la chumba. Kisha kikombe cha barafu. Barafu iliyopondwa, maji kidogo ya kujaza mianya, koroga, tumbukiza punje, subiri dakika tano. Kipimo kinapaswa kuwa karibu mara tatu ya kile cha nyuzi 25: yenye 10 isome 30 na ushei, yenye 5 isome 15 au 16. Tahadhari moja ya kwetu hasa: barafu iwe ya maji baridi, na maji ya kujazia yawe ya kisima au bomba. Sudi ukimwambia kijana alete barafu anaweza kukuchotea kwenye sanduku la samaki, na ile imeshaonja chumvi. Barafu yenye chumvi hushuka chini ya sifuri kwa nyuzi kadhaa. Utaihukumu sensa nzima kwa kosa la kikombe. Wakati punje ikiwa ndani, papasa waya wake polepole. Namba zikirukaruka, mkosaji ni waya au konekta. Na pima tena kutokea upande wa bodi, kwenye mwisho wa waya mrefu. Punje ikiwa sahihi na mwisho wa waya ukiwa na namba nyingine, ukoko wa kijani uko katikati.

Kama vyote viwili viko sawa, inabaki bodi, nayo ina mtego wake wa bei rahisi. Nenda kwa fundi redio, omba rezista tatu kutoka kwenye mizoga yake: kiloomu 10, 33 na 100. Weka ile ya 10 mahali pa sensa ya sehemu ya chakula. Bodi itadhani ndani ni nyuzi 25 na baada ya dakika chache za kusubiri, maana nyingi hukawiza kompresa, inapaswa kuamuru baridi. Weka ya 33. Itadhani ni nyuzi 0 na inapaswa kuacha. Ya 100 ni kwa sensa ya friza. Bodi ikitii rezista na kuasi sensa, bodi haina kosa. Mtego huu ni kwa friji zenye thamista ya kiloomu 10. Kwa nyingine, gawanya au zidisha.

Kosa ninaloliona mara nyingi baada ya uchunguzi mzuri ni kufunga sensa yoyote iliyopatikana. Punje zote zinafanana kwa macho. Ukifunga ya kiloomu 5 mahali pa 10, bodi inayotaka nyuzi 5 itaendelea kuishusha sehemu ya chakula hadi nyuzi 8 chini ya sifuri ndipo iridhike. Mteja atarudi na mchicha uliogeuka vioo, na fundi atasema bodi imeungua.

Ni kweli vipuri ni shida. Sudi imewahi kupokea shehena za ajabu: Machi 1916, katikati ya Vita Kuu, meli ya Kijerumani Marie iliziponyoka manowari za Waingereza, ikaingia hori hii na kushusha mizinga, risasi na dawa kwa jeshi la kamanda wao Lettow-Vorbeck. Leo punje isiyofika uzito wa karafuu kumi inasubiriwa kwa basi kutoka Dar es Salaam, na Mei 2024, kimbunga Hidaya na mvua zake zilipoikata barabara eneo la Somanga, hata basi halikupita. Ndiyo sababu ya kuheshimu dawa isiyohitaji kipuri: kukata konekta iliyooza, kukwangua shaba hadi ing'ae, kuunga kwa risasi na kufunika kiungo kwa silikoni. Kwa pwani naona hiyo ni tiba bora kuliko konekta mpya, kwa sababu konekta mpya itaota ukoko uleule.

Yapo yanayofanana na ugonjwa wa sensa ambayo nayapitia kwa haraka. Raba ya mlango iliyolegea: bana noti mlangoni, ikitoka bila kuvutwa, ndiyo hiyo. Feni ya ndani iliyosimama. Barafu iliyoziba njia ya hewa kwa sababu hita ya kuyeyushia haikuwaka. Hapo friza inaganda vizuri na chini kuna joto, na mafundi huliita gesi bila kusita. Umeme mdogo wa saa moja jioni, ambapo kompresa inanguruma na kukatika. Na kaskazi yenyewe. Ndani ya friji kuna kibandiko chenye herufi: N ni ya chumba kisichozidi nyuzi 32, ST 38, T 43. Friji ya mtumba yenye N, iliyobanwa ukutani karibu na jiko la mkaa mwezi Februari, haina ugonjwa. Imeletwa nchi isiyo yake.

Uzembe wa utambuzi una hatari nyingine ambayo siwezi kuinyamazia. Friji nyingi mpya zina gesi ya R600a, ambayo ni jamaa ya gesi ya kupikia na huwaka. Kiasi chake ni kidogo, makumi kadhaa ya gramu tu, lakini anayekata bomba na kuwasha moto wa kuchomelea ndani ya jiko lisilo na dirisha anacheza na roho za watu, na anayeongezea R134a juu yake anaua mfumo. Chuo kama VETA hufundisha fani ya majokofu na viyoyozi, na aliyepita huko anasoma kibandiko kabla ya kushika mtungi. Kama hitilafu ilikuwa ya punje ya kunde, bomba halikupaswa kukatwa kabisa.

Narudi jikoni. Mama yule alikuwa na neno ambalo fundi hakulisikiliza: "Mbona LUKU siku hizi inakaa?" Tulipima usiku huo, uniti 0.2 kwa saa nane. Kesho yake kijana wa fundi redio alikuja na mita. Sensa ya sehemu ya chakula, kutokea kwenye bodi, ilisoma kiloomu 14 kwenye joto la chumba, ilhali ilipaswa kuwa 8. Nyuma, karibu na kompresa, konekta ilikuwa kijani kama ukuta wa kisima. Akaikata, akaunga, ikasoma 8. Kwenye barafu 32. Na swali la mama kuhusu Februari na Ramadhani lilijibika lenyewe. Kila fundi alipoivuta friji ili aongeze gesi, alilifungua bati la nyuma na kuzichezesha nyaya, ukoko ukakwaruzika, friji ikapoza wiki mbili tatu, na sifa ikaenda kwenye mtungi.

Kabla hajaondoka nilimwomba kijana achukue kalamu ya wino mzito na kuandika ndani ya mlango, chini, pasipoonekana na wageni: sensa kiloomu 10, barafuni 32, na tarehe. Nawe mwandikishe fundi wako hivyohivyo, na namba zikisomwa, uwe umesimama pale ukiziona.